Tele Liwa

“Gasho, tele liwa. Tomto ayuasiki.”

Mgeni akiyasikia maneno haya akipita kibarazani Bondeni, Mombasa, atageuza shingo. Tele analijua. Liwa pia analijua, ule msandali unaosagwa juu ya jiwe ukatiwa marashi, mwari akapakwa mwilini kabla ya arusi. Lakini hapa hakuna arusi wala mwari. Kuna wanawake wawili na sinia, na mtoto aliyejikunyata mlangoni akijifanya yuachezea gololi. Mmoja amemwambia mwenziwe: shoga, lete wali, mtoto yuasikia.

Hicho ndicho kinyume. Kanuni yake ni moja: chukua silabi ya mwisho ya neno uipeleke mwanzo, kwingine usiguse. Samaki huwa kisama, pesa huwa sape, habari huwa rihaba, nyumba huwa mbanyu. Bondeni yenyewe huwa Nibonde, na Mombasa ikawa Samomba. Hakuna msamiati mpya wa kukariri. Ngeli ni zile zile, mpangilio wa maneno ni ule ule. Hata hivyo, kwa kipimo chochote hii ni lugha ya kuundwa: watu wameitunga kwa kusudi, na kusudi lenyewe ni kumfungia mlango asiyehusika. Edward Steere, aliyechapa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikiona kinyume ni kitu cha kutosha kutiwa katika nyongeza ya sarufi yake. Kwa hiyo mchezo huu umepita miaka 150, na haukuwahi kuwa na kamusi, wala shule, wala mwenyewe.

Kuieleza kanuni hiyo huchukua pumzi moja. Kuisema ni kazi nyingine kabisa. Anayejifunza hupitia hatua: hulitafuta neno, hulikata, huligeuza, ndipo hulitamka, na kufikia hapo mazungumzo yamekwisha ondoka. Fundi hana hatua. Neno humtoka tayari limegeuka, tena kwa mwendo ule ule anaousema Kiswahili chake cha kila siku, na vicheko vyake, na “alaa” zake, na kumkatiza mwenziwe kabla hajamaliza. Nimewasikia wanawake wakisutana kwa kinyume. Ukitaka kuupima ufundi wa mtu katika lugha yoyote, msikilize anapogomba.

Kuna jambo ambalo mwanagenzi huchelewa kuling’amua, nalo ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema samaki, uzito uko kwenye “ma”. Ukigeuza ukapata kisama, uzito lazima uhamie kwenye “sa”. Fundi huuhamisha bila kufikiri, na papo hapo umbo zima la neno hubadilika sikioni. Mwanagenzi hugeuza silabi akausahau mkazo. “Ma” ikabaki na uzito wake wa zamani, na mtoto mlangoni amekwisha mkamata samaki. Mafumbo mengi ya kinyume hufumbuliwa kwa njia hii.

Halafu kuna maneno yanayokataa. Mama ukimgeuza ni mama. Baba ni baba, dada ni dada, kaka, bibi na nyanya kadhalika. Watu wa karibu kabisa nyumbani hawafichiki, na kama wao ndio wanaosengenywa inabidi watafutiwe jina jingine. Kuku naye hafichiki, jambo ambalo ni taabu katika nyumba yenye watoto. Basi fundi huzunguka: atasema “yule wa mabawa”, kisha aligeuze hilo, “leyu wa wamaba”, na kuku akapita chini ya pua ya mtoto. Hesabu nazo zina vituko vyake. Anayetaka kuwataja tasi sita, wale samaki wa mwambani, akigeuza hupata “sita tasi”, yaani amesema kitu kile kile kwa maneno yale yale. Mtego mkubwa ni nazi. Igeuze mwenyewe uone kama utalitamka neno hilo mbele ya mama mkwe. Na katika mji ambao nazi huingia karibu kila chungu, huwezi kuikwepa siku nzima, ndiyo maana mwenye akili hutaja tui, akasema “itu”, akasalimika.

Maneno ya kuanza na m ndiyo yanayonifurahisha zaidi. Mtoto ana silabi tatu, m-to-to, na akigeuzwa ni tomto. Hiyo ni sawa. Ila mtu ni m-tu: ukigeuza unapata “tum”. Nchi, kwa n yake, inakuwa “chin”, mbwa anakuwa “bwam”. Hayo si maumbo ya Kiswahili. Neno letu la asili hupenda kumalizika kwa irabu, na ulimi ukifika kwenye ile m ya mwisho husita. Wapo wanaoiachia ivume puani kidogo kama mtu anayekubali jambo, na wapo wanaolikwepa neno lenyewe. Kinachonivutia ni kwamba hakuna anayeuliza kama m ile ni silabi kweli. Mtoto ambaye hajui hata maana ya neno silabi anajua kwamba m ya mtoto hukatwa peke yake, na m ya mbanyu haikatwi, hutembea pamoja na “ba” yake. Hakufundishwa hayo. Ameyatoa ndani ya lugha kwa kuikata.

Hapa ndipo mchezo wa kibarazani unapokutana na kazi kubwa zaidi. Mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, anayehesabu mizani huhesabu hivyo hivyo. Ile m ya mtu ni mizani moja, haipunguzwi wala haisamehewi. Shairi la kawaida la beti za mishororo minne lina mizani 16 kila mshororo, nane upande wa ukwapi na nane upande wa utao, na kila upande humalizika kwa kina. Na kina katika ushairi wetu ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake. “Ma” haifanyi kina na “na”, hata kama irabu ni moja. Yaani ile ile silabi ya mwisho ambayo mcheza kinyume huing’oa ndiyo mshairi anayoilinda. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840 baada ya kutunga juu ya vita, mapenzi, njaa na siasa za Mombasa ya watawala wa Mazrui, hakuhitaji kuandika kwenye karatasi ili ajue mshororo umetimia. Sikio lilimwambia. Sina ushahidi kwamba alicheza kinyume utotoni, lakini ningeshangaa sana kama hakukicheza.

Nasema haya kwa sababu kila panapozungumzwa tofauti ya lugha za asili na lugha za kuundwa, watu huweka ukuta. Upande huu lugha iliyoota yenyewe, upande ule lugha iliyochorwa mezani. Ukikaa Bondeni ukuta huo unakosa pa kusimama. Shairi la mizani 16 ni kitu cha kuundwa kuliko vyote, na hakuna mtu wa Mombasa atakayesema si Kiswahili asilia.

Nenda mpaka Ndia Kuu, hatua chache tu kutoka hapa, ule mtaa wa Mji wa Kale unaoelekea Fort Jesus. Jina lake ni la Kimvita, lahaja ya Mombasa. Palipo na j katika njia, njoo na nje, Kimvita kina d: ndia, ndoo, nde. Macho ni mato, kucheka ni kuteka. Juni 1928 mkutano wa wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ulifanyika Mombasa ili kuchagua Kiswahili cha shuleni na vitabuni, na wakiwa hapa hapa kwenye mji wa Muyaka walichagua Kiunguja. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, vitabu vikapitishwa au kukataliwa, na kamusi kubwa ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Hayo nayo ni uundaji wa lugha, na lazima tukubali ulifaulu, kwani makala haya nimeyaandika kwa matunda yake, na msomaji wa Bukavu na wa Muscat anayafuata bila mkalimani.

Lakini kamati ilikuwa na sikio la upande mmoja. Mtu wa Mombasa akisema kaa la moto na kaa wa pwani, hayo ni maneno mawili. La pili hutoka na pumzi, ukiweka kiganja mbele ya mdomo utaihisi. Paa la nyumba na paa wa mwituni vivyo hivyo. Mato yana t ya ncha ya ulimi kugusa meno, na hiyo si t ya kila neno. William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alizisikia tofauti hizi akazitilia alama katika maandishi yake. Tahajia sanifu ikazifuta zote, kwa urahisi wa chapa na wa walimu. Kaa akabaki kaa. Hapa ndipo ninapomtofautisha fundi na msimamizi: msimamizi hutaka kanuni chache, fundi hutaka kujua kanuni hizo zinakata wapi.

Kwa hati za Kiarabu hali ilikuwa kinyume chake, na naona ni funzo zuri. Waandishi wa zamani wa pwani walikuwa na herufi pungufu: hakukuwa na p wala ch, na b moja iliweza kusomwa b, p au mb. Msomaji aliyeijua lugha hakujikwaa. Hati ilimpa mifupa, nyama akaiweka mwenyewe. Asiyeijua lugha hakuwa na la kufanya. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Kiswahili London, alishirikiana na P. J. L. Frankl wakachapisha mwaka 1997 mapendekezo ya namna ya kuiandika hati hiyo kwa ukamilifu, kila sauti ya Kimvita na alama yake. Ni kazi ya mtu aliyezisikiliza sauti za kwao moja moja kabla ya kunyanyua kalamu. Imekuja wakati wenye kuandika kwa hati hiyo ni wachache, lakini ubora wa chombo haupimwi kwa idadi ya abiria.

Sasa tuwatazame waliothubutu kuunda lugha nzima. Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyekulia Białystok, mji uliogawanyika kati ya wasemaji wa Kipolandi, Kirusi, Kijerumani na Kiyidi, alitoa kitabu chake cha kwanza cha Kiesperanto Warszawa mwaka 1887. Kanuni 16, na hakuna ya kuvunjwa. Jina humalizika kwa o, sifa kwa a. Ukitaka kinyume cha sifa unaweka “mal” mbele yake: bona ni nzuri, malbona ni mbaya. Mswahili hastaajabu sana. Lugha inayojenga kwa kubandika viambishi anaijua tangu utotoni. Pika, pikia, pikisha, pikika ameyasema kabla hajapewa kalamu. Pengine ndiyo maana Kiesperanto hakikukosa wafuasi Tanzania, Burundi na Kongo, na Agosti 2024 mkutano wao wa dunia wa 109 ukafanyika Arusha, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Jaribio lenye asili karibu na kwetu zaidi ni Afrihili, aliyoitoa Kumi Attobrah wa Ghana mwaka 1970, akakusanya mizizi kutoka lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na hata jina lake limechukua mkia wa Kiswahili. Katika Afrihili, ukitaka wingi wa jina unabadilishana irabu ya mwanzo na ya mwisho: omulenzi ni mvulana, imulenzo ni wavulana. Bi mkubwa wa Bondeni angeielewa kanuni hiyo kabla hujamaliza kuieleza, kisha angeuliza inasemwa na nani.

Swali hilo ni la haki. Kanuni ya Attobrah ni nzuri, ina ladha, na iliundwa na mtu mmoja aliyezipenda lugha za bara lake. Ilikosa kibaraza. Kiesperanto kilipata vibaraza, vya mikutano, vya barua, vya ndoa za watu waliokutana mikutanoni wakazaa watoto wanaokisema nyumbani, na leo kina misemo na mizaha ambayo Zamenhof hakuiweka. Lugha za kompyuta sizitii katika hesabu hii. Zina uzuri wake, lakini mashine ukiikosea nukta moja husimama, haikisii ulichokusudia. Mtoto wa mlangoni hukisia, na ndiyo kazi yake. Akikamata maneno matatu katika kumi, kesho atakamata matano, na siku akicheka mahali panapostahili, wakubwa hujua mlango umefunguliwa. Hapo hubadilisha kanuni. Wataongeza silabi ya katikati, au watageuza neno moja na kuliacha moja, mpaka na hiyo ifumbuliwe. Sheng ya Nairobi, inayogeuza stori ikawa risto, na vijana wa Ufaransa wanaogeuza femme ikawa meuf, wamo katika mbio hizo hizo.

Fundi ninayemheshimu zaidi katika habari hii hakuunda lugha. Ahmad Sheikh Nabhany alizaliwa Lamu mwaka 1927, akafundishwa ushairi na nyanyake, akafanya kazi miaka mingi Mombasa, akafariki 2017. Runinga ni miongoni mwa maneno anayohesabiwa kuyatia katika Kiswahili, na Wakenya walikwenda nalo, huku Tanzania ikibaki zaidi na televisheni. Alikuwa na tabia ambayo waundaji wengi wa istilahi hawana subira nayo: kabla ya kubuni, alitafuta. Kama kitu kipya kimekuja bila jina, yeye alianza kwa kuuliza kama lahaja fulani, au kazi fulani, ilikuwa na neno linalolala bila kazi. Kibajuni, Kiamu, Kimvita, lugha ya mabaharia, lugha ya wasusi. Ndiyo maana baadhi ya maneno yake husikika ya kale siku yanapozaliwa.

Na ili apate pa kutafuta, aliweka ghala. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unafuata uundaji wa jahazi la Lamu mbao kwa mbao, na kila kipande kina jina lake. Niligundua nikiusoma kwamba sikuyajua majina ya nusu ya vitu ninavyoviona Bandari ya Kale, vyombo vikiwa vimefunga gati mbele ya macho yangu. Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, unaufanyia mnazi vivyo hivyo, tangu mizizi mpaka kilele, na matumizi ya kila sehemu. Hii si orodha ya mwanasayansi. Majina yamo katika mizani, kwa sababu neno lililofungwa katika mizani halipotei kirahisi. Likitoka, mshororo unachechemea na kila mtu anasikia.

Chukua tunda lenyewe. Linaanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Katika Kiesperanto nazi ni kokoso, na mtu akitaka changa atalijenga kwa kanuni, kwa kusema kokoso isiyoiva, na atakuwa amesema sahihi. Zamenhof hakuwa na sababu ya kufanya zaidi ya hapo. Hakuna aliyempandia mnazi Warszawa. Majina yale matano yametoka kwa watu waliokwea kila siku na kubishana juu ya bei chini ya shina, maana kila hatua ina matumizi yake na pesa zake. Bado yanafanya kazi. Muuza madafu wa mkokoteni huligonga kwa mgongo wa panga kabla ya kulikata, na mteja anayelalamika kwamba nyama yake ni ngumu na maji hayana utamu huambiwa hilo lilikuwa limeshafika koroma, na bei ni ile ile.